Maswali ya wasomaji: Malambo ya kale ya Sri Lanka, wao tope na mgao wa maji waliviwezaje?

Toleo lililopita tulitoa makala fupi kuhusu malambo ya kale ya Sri Lanka, kile kisiwa kilichoko kusini mwa India, tukasema wakulima wa huko walikuwa wanalima mpunga kwa maji ya kukinga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na mengine ya malambo hayo bado yana maji mpaka leo. Meseji zimekuja nyingi kuliko tulivyotegemea. Zingine zilikuwa za Simba na Yanga, sijui zilipoteaje njia zikafika huku, hizo nimeziacha. Haya twende.

Mhariri habari za kazi. Mimi nalima majaruba huku Magu. Nauliza hivi, kisiwa kimezungukwa na bahari, mvua za bahari zinanyesha tu, sasa malambo ya nini? Au ilikuwa ufahari wa wafalme?

Njema ndugu yangu, poleni na shamba. Kisiwa chenyewe kigawe mara mbili. Kusini magharibi na milimani kunanyesha karibu mwaka mzima, huko lambo halina kazi kubwa. Malambo yamejaa upande wa kaskazini na mashariki, nchi ya tambarare, na huko mvua karibu yote inakuja ndani ya miezi michache, Oktoba mpaka Januari hivi, na upepo wa kaskazini mashariki. Ni mfumo ule ule wa pepo unaotupa sisi kaskazi, ule wa majahazi. Ukigeuka ukawa kusi, kuanzia Mei, mvua yake yote inamwagwa kwenye milima ya kusini magharibi, na ukishuka upande wa pili unafika Anuradhapura mkavu kabisa, unavuma tu na kunyonya maji yaliyopo.

Anuradhapura ndo ulikuwa mji mkuu wao wa kale, unapata kama milimita 1,300 za mvua kwa mwaka. Mtu wa Dodoma akisikia hiyo namba anacheka, maana kwake nusu yake tu ni mwaka mzuri. Lakini zote zikija kwa mkupuo halafu ufuate ukame wa miezi minne mitano na jua lile, mpunga unakufa na ulikuwa na mvua nyingi tu. Kwaiyo wana misimu miwili, mkubwa wanauita Maha, unalimwa na mvua za kaskazi, na mdogo unaitwa Yala, huo bila lambo usijisumbue. Na chini ya udongo wao kuna mwamba mgumu, maji ya chini ni kidogo na hayako mbali, lambo likijaa na visima vya kijiji vinajaa, ndo maana nyumba zilijengwa karibu na tuta. Ufahari wa wafalme upo, tutaufikia.

Shikamoo mhariri. Mimi ni bwana shamba mstaafu, Igunga. Nimeshuhudia lambo linachimbwa, watu wanashangilia, miaka michache mbele limejaa tope ng'ombe anavuka bila kulowa magoti. Hao wenzetu wamekaaje nayo miaka elfu na zaidi?

Marahaba mzee wangu, ingawa kwa umri nadhani shikamoo ilitakiwa itoke huku. Umegusa penyewe hasa.

Sisi tukienda kutazama lambo tunatazama maji na tuta, basi tumemaliza. Lambo la kijiji cha Sri Lanka linaanzia mbali, juu huko porini, na linaishia chini ya mashamba, na karibu kila kipande hapo katikati kina kazi yake ya kuzuia kitu fulani. Juu kabisa kuna vilambo vidogo vya msituni ambavyo havimwagilii shamba la mtu yeyote, vipo kukamata mchanga tu, na wanyama wa porini wanywe huko huko wasishuke kijijini. Kuna na mashimo ya kutegea tope mahali maji yanapoingilia. Ubavuni wanaweka vituta vya udongo ili maji ya mvua yanayotoka kwenye mteremko yasiingie kwa kasi. Yakipita hapo yanakutana na ukanda wa majani, wanauita perahana, huo unachuja tope lililobaki. Baada ya majani ni miti, gasgommana, miti ya kustahimili kulowa, lambo likijaa inasimama ndani ya maji na inavunja upepo, na upepo ukipungua juu ya maji, yale yanayopotea hewani nayo yanapungua.

Sasa pita nyuma ya tuta. Kati ya tuta na jaruba la kwanza kuna ukanda wanauita kattakaduwa, haulimwi, umeachwa na miti na vichaka. Mtu wa haraka ataona ni uvivu, ardhi yenye unyevu namna ile unaiachaje pori? Lakini maji yanayopenya chini ya tuta yanakuja na chumvi, na mimea ya pale inainyonya kabla haijafika kwenye mpunga. Waliolima kwenye udongo wa magadi wanajua chumvi ikishaingia shambani haibembelezeki. Ipo miti kama kumbuk, huo ni ndugu wa mkungu, na ipo mikadi, jamii ile ile ya mkadi wa Pwani ambao kina mama wanapenda maua yake.

Halafu lambo halikai peke yake. Yanashuka bondeni kama ngazi, lambo la juu linamwagilia majaruba yake, maji yanayobaki shambani na yanayomwagika yanaingia lambo linalofuata, nalo vivyo hivyo, manne, sita, kumi, mpaka mtoni. Tone moja linalimiwa mara kadhaa kabla ya kuondoka bondeni. Mnyororo mzima wanauita ellangawa. Maana yake pia ni kwamba huwezi kuamka asubuhi ukapandisha tuta lako juu sana, wa chini watakauka na wa juu yako mashamba yao yatazama. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 waliuingiza mfumo huu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani.

Kwetu mzee unajua inavyokuwa, greda linakuja, linachimba, picha zinapigwa, limeondoka, na juu ya lambo watu wanalima mpaka ukingoni na mifugo inashukia hapo hapo. Mimi nadhani ukanda wa majani ungepandwa kabla hata greda halijawashwa.

Mimi ni fundi ujenzi, naomba kujua tuta la udongo tupu bila zege lilikuwa halibomoki? Na mlango wa maji walitengenezaje, chuma hamna, valvu hamna.

Yalikuwa yanabomoka fundi, tusidanganyane. Kumbukumbu zao za kale zimejaa wafalme waliokarabati tuta fulani lililopasuka. Ila yale makubwa yalijengwa kwa akili. Upande wa maji wanapanga mawe kwenye mteremko wa tuta ili mawimbi yasile udongo, na pembeni wanaacha njia ya maji ya ziada, kwenye mwamba kama upo, lambo likifurika yapite huko na sio juu ya tuta. Maji yakishapita juu ya tuta la udongo umekwisha.

Mlango ndo kazi. Ukitoboa mfereji chini ya tuta refu, maji yanatoka na presha kubwa, yanaanza kula kuta za mfereji kwa ndani, tuta linakatika katikati ukiwa umelala. Wao walichimba ndani ya tuta, karibu na upande wa maji, shimo la pembe nne kama kisima, wakalijenga kwa mabamba ya mawe yaliyochongwa yakakaa sawasawa. Linaitwa bisokotuwa. Maji ya lambo yanaingia humo kwanza, yanagonga, kasi inakufa, ndo yanatoka upande wa pili kwa mfereji wa mawe kwenda mashambani, na humo shimoni ndimo walimokuwa wanafungulia na kufungia. Tuta halipati ule mshindo wa maji moja kwa moja. Henry Parker, injinia Mwingereza aliyefanya kazi idara ya umwagiliaji ya huko kuanzia miaka ya 1870, aliyapima mashimo haya akaona yanafanya kazi ile ile ya minara ya valvu ya mabwawa ya Ulaya ya enzi zake, na akaandika kwamba mainjinia wa kisiwa hicho ndio waliobuni kitu hicho kwanza, zaidi ya miaka 2,000 nyuma. Mwingereza wa enzi ya ukoloni kuandika hivyo, ujue alikuwa amebanwa na ushahidi.

Kuna na mfereji wa Jaya Ganga, karne ya 5, umetoka lambo kubwa la Kala Wewa mpaka Anuradhapura, kilomita 87. Kwenye kilomita 27 za mwanzo unashuka kama sentimita 10 tu kwa kila kilomita. Wewe fundi unajua kupata levo hiyo hata kwenye kibaraza cha nyumba ni shughuli. Na una tuta upande mmoja tu, wa chini, upande wa juu uko wazi, kwaiyo vijito vya njiani vinaingia humo na maji yanatanda kwenye mabonde madogo, mfereji wenyewe unakuwa lambo refu jembamba.

Habari mhariri, naandika kutoka Mwea, Kenya. Sisi tulio mwisho wa mfereji maji tunayasikia kwa redio tu. Walio juu wanafungulia usiku. Hawa watu wa zamani waligawana aje?

Mama pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili maana malalamiko haya yamo pia kwenye barua kutoka Mbarali na Kahama, na naona ndo swali gumu kuliko lile la fundi. Jiwe unaweza kuchonga, jirani je?

Hapa tunasaidiwa na utaratibu uliokuwa bado hai vijijini karne ya 20. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Edmund Leach alikaa kijiji kinaitwa Pul Eliya, huko kaskazini kwenye malambo, akaandika nani analima wapi na kwa nini, mpaka unachoka kusoma. Alichokuta ni kwamba shamba la zamani la kijiji lilikatwa vipande vyembamba, na mwenye hisa hakupewa eneo moja lililokaa pamoja, anapata kipande kule karibu na lambo na kingine kule mbali. Umeona? Yule wa juu ndo huyo huyo wa chini. Akifungulia usiku anajinyima mwenyewe.

Kwenye mfereji, panapogawanyika, wanalaza gogo lililochongwa mapengo, upana wa kila pengo unalingana na hisa za wale wa upande huo, maji yanapita juu yake yamejigawa yenyewe. Hakuna geti la kufungua, hakuna wa kumhonga. Lambo likipungua mapengo yote yanapungukiwa kwa uwiano ule ule. Na hisa zako za maji ndo zinazopima pia kazi yako, urefu wa tuta utakaokarabati na urefu wa uzio utakaojenga kuzuia ng'ombe. Mwenye mengi anachimba mengi.

Sasa mwaka mbaya. Lambo limejaa nusu, msimu wa Yala unaanza, maji hayatoshi shamba zima. Kijiji kinakaa kikao na kukubaliana kwamba mwaka huu italimwa sehemu ya karibu na lambo tu, na ile sehemu inagawanywa kwa muda kwa watu wote kwa kadiri ya hisa zao, hata kama kwa kawaida kipande kile ni cha fulani. Msimu ukiisha kila mtu anarudi kwake. Utaratibu huo unaitwa bethma na mpaka leo unatumika mahali kadhaa. Mwenye shamba la juu anaachia kipande chake bila kulipwa, kwa vile anajua mwaka mwingine yeye ndo atakuwa anahitaji. Mfereji mfupi pia wa kufika karibu unapoteza maji kidogo, kwaiyo sio huruma peke yake, ni hesabu.

Usidhani walikuwa malaika. Leach mwenyewe alikuta kesi na ugomvi wa kutosha, na kwenye mashamba mapya yaliyofunguliwa nje ya lile la zamani taratibu hizi hazikushika vizuri. Na mwaka ukiwa mbaya kabisa hata bethma haisaidii, wanabaki na mashamba ya kufyeka porini, wanapanda ulezi. Ulezi wenyewe asili yake huku kwetu, nyanda za Uganda na Ethiopia, ulivuka bahari zamani sana.

Mwea kugawa upya viwanja vya watu haiwezekani kesho, najua. Gogo la mapengo linawezekana.

Mhariri acha kutupamba. Mambo makubwa hivyo ni mfalme na viboko. Wakulima wangejenga wapi? (Mwanafunzi wa historia, Mombasa)

Kaka, hoja yako ina wakubwa. Mwanahistoria Karl Wittfogel mwaka 1957 alisema mahali popote penye umwagiliaji mkubwa lazima pazaliwe udikteta, kwa kuwa bila mkono wa chuma mifereji haichimbwi. Leach huyo huyo akamjibu mwaka 1959 akitumia Sri Lanka, kwamba yale malambo makubwa yalijengwa kidogo kidogo kwa mamia ya miaka, na maisha ya kijiji yalitegemea lambo la kijiji, sio la mfalme.

Mimi niko upande wa Leach, na ushahidi ninaoupenda uko kwenye mawe. Kwenye mapango ya watawa wa Kibuddha kuna maandishi ya karne za mwisho kabla ya Kristo yanayotaja waliotoa sadaka, na baadhi yao wanajitambulisha kwa cheo cha mwenye lambo. Watu binafsi hao, sio wafalme. Baadaye yanakuja maandishi ya kodi ya maji, na kodi hiyo mara nyingi inaelekezwa kwenye monasteri, yaani makazi ya hao watawa. Timu ya wanaakiolojia Robin Coningham na Prishanta Gunawardhana ilipotembea vijiji vya kuzunguka Anuradhapura kwa miaka kadhaa haikukuta miji midogo ya serikali kama ulivyotegemea, ilikuta monasteri zimetapakaa, na zinaonekana ndo zilikuwa ofisi za pale vijijini.

Wafalme walikuwepo na walijenga vikubwa, hilo sikatai. Mahasena karne ya 3 alijenga lambo la Minneriya. Parakramabahu wa Kwanza, karne ya 12, alijenga pale Polonnaruwa, mji mkuu uliofuata baada ya Anuradhapura, lambo linaloitwa bahari ya Parakrama, tuta lake zaidi ya kilomita 13, na ndo anayekumbukwa kwa kauli kwamba hata maji kidogo ya mvua yasiende baharini kabla hayajamfaa binadamu. Na Dhatusena, mfalme aliyejenga Kala Wewa, kumbukumbu zao zinasema mwanae Kashyapa alimpindua akamtaka aonyeshe hazina ilipo, mzee akaomba apelekwe lambo lake, akaoga, akachota maji kwa mikono akasema mali yangu yote ndo hii. Akauawa. Hadithi tamu, watalii wanasimuliwa kila siku. Ila falme zote hizo zilikufa, na kijiji chenye lambo dogo kikaendelea kulima.

Wanajuaje umri wa tuta la udongo? Na kama yalikuwa mazuri hivyo mbona yaliachwa? (Wawili wameuliza, Morogoro na Muscat)

Umri kwanza. Kuna vitabu vyao vya kumbukumbu vilivyoandikwa na watawa, Mahavamsa ni ya karne ya 5 au ya 6, ila aliyeandika hapo alikuwa mtawa anayesifia wafalme waliopendelea monasteri yake, kwaiyo umsome kwa tahadhari. Maandishi ya mawe ni bora zaidi. Na siku hizi wanachimba tuta lenyewe, wanatoa sampuli ya mchanga gizani, maana chembe za mchanga zikifukiwa zinaanza kukusanya nguvu ya mionzi kutoka kwenye udongo, na zikipigwa mwanga maabara zinaitoa, hapo wanapima mara ya mwisho ziliona jua lini. Tope la chini ya lambo nalo linasomeka, tabaka la wakati linafanya kazi na tabaka la wakati limetelekezwa hayafanani.

Kuachwa ni hadithi ndefu. Mwaka 993 jeshi la Chola kutoka kusini mwa India lilipiga Anuradhapura, mwaka 1017 mfalme akachukuliwa mateka, mji mkuu ukahamia Polonnaruwa. Mwaka 1215 akaja mvamizi Magha, huyu alivuruga kila kitu, na baada ya hapo ufalme ukasogea kusini magharibi kwenye mvua. Monasteri zikivunjika hakuna wa kuitisha watu tuta linapotoboka, na lambo lililopasuka linabaki na madimbwi, madimbwi ni mbu, na malaria inatajwa sana kama kitu kilichozuia watu kurudi. Lakini sio yote yaliachwa, vijiji vidogo vilibaki. Pigo lingine likaja enzi za Mwingereza, mwaka 1832 walifuta kazi za lazima. Mtu akisikia hivyo anapiga makofi, na kweli zilikuwa za kunyanyasa, ila ndani ya kazi hizo ndimo ilimokuwa na ile ya kukarabati lambo, ikafa pamoja nazo. Mwaka 1856 wakalazimika kutunga sheria ya kurudishia vijiji mamlaka ya maji kwa mila zao. Kala Wewa ilikarabatiwa 1887 na inafanya kazi mpaka leo, na malambo madogo yanayotumika sasa yanazidi 10,000.

Samaki je? (Mvuvi, Mwanza. Swali ndo hilo tu.)

Wapo, na utafurahi. Samaki aliyekuja kutawala malambo hayo ni perege wa Msumbiji, yule wa mito ya kusini mashariki mwa Afrika, alipelekwa huko miaka ya 1950 akazaana akawa ndo mboga ya vijijini. Ana faida moja, lambo likikaribia kukauka wanaingia na nyavu wanavua waliobaki wote, na maji mapya yakija wanaanza upya.